MAISHA YA SEYYID SAID BIN SULTAN, MFALME ALIYEFUNGUA BANDARI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, ndugu zangu wa jumuiya wamenitaka niandike katika kijitabu hiki cha ukumbusho habari za mmoja katika wakubwa waliopita katika pwani yetu. Nimemchagua Seyyid Said bin Sultan. Sikumchagua kwa kuwa hajulikani, kwani jina lake limejaa katika vinywa vya wazee tangu Lamu hata Kirimba. Bali nimemchagua kwa sababu sisi wa Tungi tulikuwa mwisho wa dola yake upande wa kusini, na anayekaa mpakani huona vizuri faida ya dola na hasara yake. Makusudio yangu si kumsifu kupita kiasi wala kumtukana mtu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Nataka tujue alivyofungua milango ya biashara kwa mataifa yote, kisha tuangalie ni nani aliyeingia na riziki na ni nani aliyebaki nje.

KUZALIWA NA KUTAWALA KWAKE

Seyyid Said alizaliwa mwaka 1791 huko Samail, katika nchi ya Oman. Baba yake, Seyyid Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804, naye Said akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu. Mambo ya dola yakashikwa na jamaa yake, Badr bin Saif. Mwaka 1806 Said alimwua Badr kwa mkono wake na kushika utawala pamoja na ndugu yake Salim, mpaka Salim alipokufa mwaka 1821. Haya nayataja kwa kuwa ni kweli, wala historia haifichi.

Oman ni nchi ya mawe na mitende, na mapato yake makubwa yalitoka katika forodha ya Maskati. Kwa hiyo kijana huyu alifahamu mapema kwamba mfalme asiye na mashamba yenye rutuba hana budi kuitazama bahari. Merikebu zikija, hazina hujaa. Zikienda bandari nyingine, askari hukosa mshahara. Fahamu hiyo ndiyo iliyomwongoza umri wake wote.

ALIYOYAKUTA KATIKA PWANI YETU

Biashara ya pwani yetu ilikuwa imekwisha kupinduliwa na haja za watu wa mbali kabla yeye hajafika. Wafaransa walikuwa na mashamba ya miwa katika visiwa vya Mauritius na Réunion, na sukari yao ilitakiwa sana Ulaya. Miwa ilitaka mikono, na mikono hiyo ilitafutwa kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apate watumwa elfu moja kila mwaka. Ibo na visiwa vya Kirimba, vilivyokuwa chini ya Wareno, navyo viliingia katika biashara hiyo. Basi kikombe cha chai ya tajiri wa Paris kilitiwa utamu kwa machozi ya mama wa Kimakua na Kiyao. Watu wengi walikimbilia nyanda za juu za Wamakonde, mahali pa vichaka na shida ya maji, kwa kuwa kiu ni afadhali kuliko mnyororo.

Waingereza walipoichukua Mauritius, walitaka biashara hiyo izuiwe. Mwaka 1822 Seyyid Said alifanya mkataba na Kapteni Fairfax Moresby, akapiga marufuku kuwauzia watumwa Wakristo. Mstari uliowekwa baharini ulianzia Rasi ya Kabo Delgado, hapa kwetu, ukaenda mpaka Diu katika Bara Hindi. Wafanyabiashara waliokuwa wakipata fedha kwa Wafaransa wakaona soko lao linafungwa. Lakini mnyororo haukukatika. Watumwa ambao hawakuweza tena kupelekwa kwenye miwa ya Wafaransa walitafutiwa kazi nyingine karibu zaidi, na kazi hiyo ilikuwa karafuu.

KARAFUU

Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliishika biashara yake peke yao kwa muda mrefu, na bei ikawa juu. Wafaransa walifaulu kuipata miche, wakaipanda katika visiwa vyao, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Aliyesifika kwa kuipanda kwanza ni Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil. Na baadaye mashamba yake yalitwaliwa na Seyyid.

Seyyid Said alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, akaupenda udongo wake na mvua zake. Akaona kwamba zao ambalo Waholanzi wanalipatia mali nyingi linaweza kustawi mbele ya macho yake. Inasimuliwa kwamba alimwamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Yeye mwenyewe alipanda kwa wingi; binti yake, Seyyida Salma, ameandika kwamba baba yake alikuwa na mashamba 45. Katika miaka ya 1830 akahamishia makao yake Unguja, na mji uliokuwa mdogo ukawa mji mkuu wa biashara ya Afrika Mashariki.

Ardhi nzuri ya magharibi ya kisiwa ikajaa mikarafuu. Wahadimu, wenyeji wa Unguja, wakasukumwa pole pole upande wa mashariki na kusini, kwenye mawe, ambako mikarafuu haikubali. Na mikono iliyopanda, iliyopalilia na iliyochuma ilikuwa ya watumwa, wengi wao waliopitishwa Kilwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Mwaka 1845 Seyyid alitia sahihi mkataba mwingine na Kapteni Hamerton, balozi wa Kiingereza, kuzuia watumwa wasipelekwe nje ya milki yake ya Afrika tangu mwaka 1847. Lakini kuwachukua kutoka Kilwa mpaka Unguja kulibaki halali kwa mkataba huo, na hali iliendelea hivyo mpaka mwaka 1873, zama za mwanawe, Seyyid Barghash.

Kisha likatokea jambo ambalo kila mkulima hulijua. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Waliopanda wote kwa pamoja kwa tamaa ya bei ya juu, mikarafuu yao ilizaa yote kwa pamoja. Katika miaka ya 1840 karafuu zilifurika sokoni na bei ikaanguka vibaya. Seyyid mwenyewe alijaribu miwa na nili ili asitegemee zao moja, lakini hazikufikia karafuu.

Mwenye shamba aliyekuwa amejenga nyumba ya mawe kwa matumaini ya mavuno akajikuta na deni. Alikwenda kwa tajiri wa Kihindi kutafuta fedha, na kwa kuwa riba ni haramu, wakatumia bei ya hiari: shamba huuzwa kwa sharti kwamba mwenyewe ana haki ya kulikomboa kwa muda fulani, huku analikodi kwa yule aliyelinunua. Kwa maandishi ni kuuza na kupangisha; kwa athari yake, wengi walilipa kodi mwaka hata mwaka wasiweze kukomboa. Sisi wanachuoni inatupasa tulikumbuke hilo. Hila ya maneno inaweza kuokoa jina la sheria, lakini haimwokoi mdaiwa.

MIKATABA NA MATAIFA

Sasa nieleze kazi yake kubwa, nayo ni kufungua bandari. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Edmund Roberts, alifika Unguja katika miaka ya 1820, akachukizwa na matatizo aliyoyaona katika biashara. Alirudi na amri ya serikali yake, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa sahihi huko Maskati. Wamarekani waliruhusiwa kuingia katika bandari zote za Seyyid, kununua na kuuza bila kupangiwa bei, na kulipa ushuru usiozidi tano kwa mia juu ya mali waliyoiteremsha, bila ya kutozwa kingine katika kuingia wala kutoka. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Richard Waters, wa mji wa Salem, alikuja kuwa balozi wa kwanza wa Marekani mwaka 1837.

Tuupime uamuzi huu kwa insafu. Ushuru mwepesi na wa kujulikana uliwavuta wafanyabiashara, na Unguja ikazipita bandari nyingine zote za pwani. Mtu wa dini yoyote alikaa kwa amani. Baniani alikuwa na desturi zake, Sunni na Ibadhi kila mmoja alikuwa na kadhi wake, na Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mwanachuoni mkubwa wa Kisunni aliyetoka Barawa, alipewa ukadhi na Seyyid aliyekuwa Ibadhi. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Lakini mwenye kuahidi tano kwa mia milele amejifunga mikono. Haja ya fedha ilipozidi, Seyyid hakuweza kuwaongezea wageni ushuru. Na mzigo usioweza kuwekwa juu ya bega moja hutafutiwa jingine. Forodha yake aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi, na mashuhuri wao ni Jairam Shivji. Tajiri huyo alimlipa Seyyid kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kisha akakusanya ushuru mwenyewe, na ziada ikawa yake. Seyyid alipotaka fedha kabla ya wakati, alikopa kwa tajiri huyo huyo. Huko Mrima pembe na sandarusi zilitozwa ushuru mkubwa zaidi kuliko ule wa mikataba, na Mnyamwezi aliyeleta pembe zake mwenyewe alitozwa kuliko mfanyabiashara wa Unguja. Na katika mkataba wa Waingereza, biashara ya pembe na sandarusi tangu Mtangata mpaka Kilwa iliwekwa mbali na wageni. Basi biashara iliyoitwa huru ilikuwa huru kwa aliyekuja na merikebu, na nzito kwa aliyekuja kwa miguu kutoka bara.

PEMBE NA MERIKANI

Katika zama hizo matajiri wa Ulaya na Marekani walipenda kuwa na piano majumbani, na vitufe vyake vilifunikwa kwa pembe za ndovu. Pembe zilitakiwa pia kwa vitana na kwa mipira ya biliadi. Katika jimbo la Connecticut viwanda vizima viliishi kwa pembe zilizotoka kwetu. Wakati huo huo mashine za Massachusetts zilifuma nguo za pamba kwa wingi na kwa urahisi, nazo ndizo tulizoziita merikani mpaka leo. Bei ya pembe ikapanda miaka mingi, na bei ya nguo ikashuka.

Aliyesimama katikati, mwenye nguo mkononi na pembe ghalani, alipata faida ya pande zote mbili. Misafara ikaenda Unyanyembe, ikafika Ujiji katika Ziwa Tanganyika, na baada ya Seyyid ikavuka mpaka Kongo. Ikasemwa kwamba zumari ikipigwa Unguja, watu hucheza mpaka kwenye maziwa. Lakini ukichunguza, pumzi ya zumari hiyo ilitoka Salem, London na Bombay. Ndovu wa karibu na pwani walikwisha, wawindaji wakaenda mbali zaidi, na mpagazi aliyebeba jino zito miezi mitatu alilipwa mikono michache ya nguo.

Seyyid aliliona tatizo la kuwaachia wageni merikebu zote. Mwaka 1840 alipeleka merikebu yake Sultana mpaka New York, na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikiwa na tende, kahawa, pembe, karafuu, sandarusi, ngozi na mazulia. Watu wa mji huo walimiminika kumtazama Mwarabu wa kwanza kuletwa kwao kwa ujumbe wa mfalme. Merikebu ilirudi salama na shehena ya nguo, bunduki na vyombo. Safari hiyo ilikuwa ya heshima kubwa, lakini haikuwa desturi. Merikebu za Salem ndizo zilizoendelea kubeba mali, na faida ya kubeba ikabaki kwa mwenye chombo.

Na merikani nayo haikudumu. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 hadi 1865, pamba ikakosekana katika viwanda vyao, na nafasi yao ikashikwa na nguo za Kiingereza na za Bombay. Vita vilipiganwa ng’ambo ya bahari mbili, na mpagazi wa Tabora akabadilishiwa nguo ya mwili wake bila kuulizwa.

KUFA KWAKE

Mwaka 1856 Seyyid Said alikuwa Maskati, akaondoka kurudi Unguja katika merikebu yake Victoria. Aliugua njiani, akafariki tarehe 19 Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Mwanawe Barghash, aliyekuwa pamoja naye, hakukubali maiti ya baba yake itupwe baharini. Akaileta Unguja, akamzika Makusurani. Mwenyezi Mungu amsamehe na atusamehe sisi.

Wanawe waligombana. Mwaka 1861, kwa hukumu ya Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko Bara Hindi, dola ilikatwa vipande viwili: Thuwaini akapewa Oman na Majid akapewa Unguja, naye Majid alipe riale 40,000 kila mwaka kwa sababu upande wake ulikuwa tajiri zaidi. Mwaka 1872 tufani iling’oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Na mwezi wa Februari 1887 Wareno walikuja na manowari katika Ghuba yetu ya Tungi, wakapiga mizinga, wakaichukua. Seyyid Barghash hakuweza kuizuia. Wazungu waliofika kwa mikataba ya biashara walikuwa wamekwisha kukaa pamoja mwaka 1886 na kuipima milki yake kwa maili, na wale aliodhani ni rafiki zake hawakuinua kidole. Bandari zilikuwa zimejaa bidhaa, lakini dola ilikuwa tupu.

MAZINGATIO

Ndugu zangu, mimi simlaumu Seyyid Said kwa kupenda biashara. Biashara ni halali, na mtu wa pwani asiyefanya biashara ataishi kwa nini? Aliichukua pwani iliyotawanyika akaiunganisha, na lugha hii tunayoandikia ilifika mbali pamoja na misafara. Lakini maisha yake yametuachia funzo ambalo halikuzeeka. Bei ya karafuu haikupangwa Unguja, wala bei ya pembe haikupangwa Tabora. Ilipopanda, walionufaika ni wachache waliokuwa karibu na forodha. Ilipoanguka, anguko lilishuka ngazi kwa ngazi mpaka likamfikia asiye na wa kumshushia. Kosa halikuwa kufungua mlango. Kosa lilikuwa kufungua mlango bila kumwekea aliye chini sehemu yake wakati wa neema, ili apate pa kusimama wakati wa dhiki.

Sisi tumeyaona hayo kwa macho yetu. Katika miaka ya 1990 nchi yetu ya Msumbiji ilishurutishwa na wakopeshaji wake ipunguze ushuru wa korosho ghafi zinazopelekwa nje, ili bei imfae mkulima. Viwanda vya kubangua vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi, na mkulima mwenyewe hakupata ila kidogo. Mwaka 2010 ikagunduliwa gesi nyingi katika bahari ya mbele ya Palma, hapo hapo Tungi palipopigwa mizinga ya Wareno. Watu wa Afungi walihamishwa penye makaburi na minazi yao. Tangu mwaka 2017 vita vimekula vijana wetu, na Machi 2021 Palma yenyewe ikashambuliwa. Sisemi kwamba gesi peke yake ndiyo sababu, maana sababu ni nyingi. Nasema kwamba kijana aonaye mali inapita mbele ya mlango wake kila siku, naye hana chombo wala kazi, ni mwepesi kudanganywa.

Gesi nayo bei yake hupangwa mbali, na iko siku dunia itataka kitu kingine, kama ilivyoacha pembe. Kwa hiyo viongozi wetu, na sisi wenyewe katika jumuiya zetu, tuulize leo swali ambalo halikuulizwa Unguja wakati karafuu zilipokuwa juu: katika kila shehena inayoondoka, fungu la mvuvi, la mkulima na la yatima ni lipi, na limeandikwa wapi? Tuwasomeshe watoto hesabu na sheria pamoja na dini, ili mkataba ukiletwa wawepo wa kuusoma kabla haujatiwa sahihi.

Mwenyezi Mungu airejeshe amani katika pwani yetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tupime kwa mizani ya haki. Amin.